Kanzu Mbichi Kwenye Kamba ya Ndaya

Kambi ya Reli, Kamina
Mwezi wa nane, 1954

Kwa dada yangu Susana, Mlalo, Usambara.

Dada yangu mpendwa, kifungua mimba wa mama yetu,

Nakupa salamu za asubuhi na za jioni pamoja, maana sijui barua hii itakukuta saa gani. Mimi mzima wa mwili. Mke wangu Léonie mzima, watoto wazima, ila mdogo ana kikohozi cha vumbi. Shemeji mwalimu hajambo? Magoti yake yanamruhusu kupanda mlima kwenda kanisani, au sasa kanisa ndilo linamshukia? Huko kwenu najua kuna ukungu na kabichi. Huku kwetu wakati huu ni vumbi jekundu na ndege za Base, kambi ya jeshi la Wabelgiji, zinazopita chini sana juu ya kambi yetu, hata kuku wa Léonie wameacha kutaga kwa hasira.

Usicheke Kiswahili changu. Wewe ulirudishwa Mlalo kwa Bibi ukakalia benchi la shule. Mimi Mama alipofariki pale Kigoma nilibebwa na Baba, na Baba alibebwa na reli, na reli haina benchi. Kusoma nimejifunza kwenye mbao za vituo na kwenye masanduku ya mizigo. Neno la kwanza nililoweza kulisoma maishani ni lile la Kifaransa linaloonya kwamba kilichomo ndani kitavunjika.

Barua yako nimeipata. Niliisoma mara ya kwanza nimesimama, mara ya pili nimekaa. Unasema habari imefika mpaka Mlalo kwamba Baba, kabla ya kufa, alikana ubatizo wake na kubatizwa upya na Wabaptisti. Unasema Jumapili ile ya kuwakumbuka marehemu, kabla ya Majilio, mchungaji atasoma majina mbele ya madhabahu, na wewe hutampa jina la Baba mpaka ujue ukweli, kwani afadhali jina lisisomwe kuliko lisomwe kwa uongo. Hapo nilikutambua, dada. Hiyo ni damu yake mwenyewe inayoongea. Yeye angesema hivyohivyo juu ya mtu mwingine.

Najua habari imetoka kwa Kapenda, yule mchuuzi anayepeleka samaki wa Bukama mpaka ziwani. Sitamtukana. Habari yake ni kama samaki zake: ilikuwa nzuri ilipotoka hapa, njia ndiyo iliyoiharibu.

Ni kweli Baba aliingia majini. Tena si mara moja.

Kaa kwanza. Halafu usome mpaka mwisho, ndipo uamue juu ya jina.

Unajua kwamba Baba miaka yake yote ya Kamina alikuwa mlinzi wa pampu. Maji yanatoka kisimani, yanapanda kwenye tangi kubwa la chuma lililosimama juu ya miguu minne, na gari la moshi likifika linasimama chini ya bomba linyweshwe. Chini ya tangi kuna birika la saruji linalopokea maji yanayomwagika. Kina chake kinafika kiunoni, na mtu mzima anaweza kulala ndani akanyoosha miguu. Liweke birika hilo kichwani, tutalirudia.

Rafiki yake alikuwa Baba Philémon. Huyu ni mtu wa Congo ya Chini, kule mto unakokaribia bahari, ambako wamisionari wa Kibaptisti walifika zamani sana. Hapa kazi yake ilikuwa kubadilisha njia: treni ikija, yeye anavuta mkono mrefu wa chuma, reli inahama kidogo, na treni inashika njia ya Bukama au njia ya Kasai. Siku ya Mungu alikuwa shemasi wa Wabaptisti, ambao ni nyumba chache tu za watu wa kwao, wanaosali kwenye nyumba ya udongo nyuma ya lundo la makaa. Mke wake ni Mama Ndaya, Muluba wa hapahapa, mwanamke wa maneno machache na mkono wa kazi.

Walutheri wa Kamina tulikuwa Baba na mimi, na mimi nilihesabiwa nusu kwa sababu nimeoa Mkatoliki. Kanisa la mtu mmoja na nusu. Halikuwahi kugombana. Baba alikwenda kusali kwa Wabaptisti kwa sababu, alisema, zaburi haina kabila. Wakwe zangu Wakatoliki waliona sisi wote tuko nje ya zizi, kwa hiyo walituonea huruma bila upendeleo.

Sasa sikia walivyobishana. Alasiri, kazi ikipungua, walikaa kwenye kibao cha kukalia kando ya pampu, na mimi nilikuwa natia mafuta magurudumu ya mabehewa karibu, nikijifanya sisikii. Baba Philémon alimwambia Baba kwamba Bwana alisema muntu aamini kwanza njo abatizwe (njo ni ndipo kwa Kiswahili cha huku), basi mutoto wa kubebwa anaamini nini? Anaamini maziwa! Baba akajibu kwamba ni kweli, na maziwa yanakuja bila mtoto kuyafanyia kazi, na hata asiposema asante yanamnenepesha vilevile. Philémon akasema weye Mzee Élisée ulipata maji, haukupata ubatizo. Walikunyunyizia kama nguo ya kupigwa pasi. Baba akacheka mpaka akakohoa.

Lakini siku nyingine hawakucheka. Philémon alishika ule mkono wa chuma akamwonyesha: treni haiachi njia ya kifo kwa kutamani, kuna saa moja lazima muntu avute, na avute yeye, baba yake hawezi kumvutia. Neema ni ya Mungu, alisema, minyi sikatai, lakini mlango Mungu havunji, anapiga hodi. Baba naye akamwonyesha tangi. Akasema, angalia lile gari la moshi. Lina nguvu za kuvuta kijiji kizima, lakini halijitii maji. Linasimama tu chini ya bomba. Philémon akauliza haraka, na nani alilisimamisha pale? Si mekanisye alivuta breki? Baba akasema, ndiyo, mekanisye, dereva wake. Lakini mekanisye si gari.

Hapo Philémon akainuka, akaenda kubadilisha njia ambayo ilikuwa haihitaji kubadilishwa.

Baba alisema hivi mara nyingi, nawe labda ulimsikia ulipokuwa mdogo: siku ile ya ubatizo wangu pale Mlalo sikufanya kitu. Nililia tu. Mama yangu alinibeba, mchungaji akamwaga maji, Mungu akasema huyu wangu. Wokovu ambao mimi sikutia mkono ndio wokovu ninaouamini, kwa sababu mkono wangu naujua. Na kubatizwa mara ya pili, alisema, ni kumwambia Mungu kwamba mara ya kwanza alikuwa hajui anachosema.

Huyo ndiye baba yetu, dada. Hujasahau na mimi sijasahau.

Philémon naye alikuwa na siku yake. Kila aliposhuhudia aliisimulia: mto wa kwao, mwalimu aliyemshika, mvua ndogo iliyokuwa ikinyesha, samaki aliyempita mguuni wakati anasema ninaamini. Yule samaki tulimzoea hata watoto wakamngojea. Alisema, siku hiyo minyi mwenyewe, kwa kinywa changu. Kwake hilo ndilo lilikuwa jiwe la nyumba.

Kulikuwa na jambo moja lililoumiza. Wabaptisti hawampi mkate wa Bwana mtu ambaye hajazamishwa. Basi sahani ilipopita kwenye mabenchi, ilimpita Baba, miaka yote ile, na aliyeibeba ni Philémon mwenyewe. Baba aliweka mikono juu ya magoti na kutazama mbele. Sikumwona akikasirika. Nilimwona Philémon mkono ukimtetemeka, hata makombo yakawa yanaanguka mapajani pa Baba. Baba hakuyaokota wala hakuyafuta. Alitembea nayo mpaka nyumbani.

Na siku moja tu hawakubishana. Mtoto pekee wa Philémon na Ndaya alikufa kwa homa, bado mdogo, hajafika umri wa kukiri kitu chochote. Baba alibeba kile kijeneza mabegani peke yake. Tuliporudi, Philémon, ambaye kanuni ya kwao anaijua vizuri, kwamba watoto ni wa Ufalme, alimwuliza Baba kwa sauti ya chini sana Walutheri wanasema nini juu ya mtoto aliyekufa bila maji. Baba akamjibu kwamba Walutheri wote wa Kamina wanasema yuko kwa Bwana. Philémon akamshika mkono akalia. Mama Ndaya akasema “Wafwako,” ndiyo asante ya Kiluba, na tangu siku hiyo sufuria ya Baba haikukosa samaki.

Sasa nakuja kwenye msiba wenyewe.

Mwaka jana, wakati wa mvua, ule mkono wa chuma ulimponyoka Philémon, ukaruka, ukampiga kichwani. Alilala hospitalini muda mrefu. Alipoamka alimjua mke wake, alijua nyimbo, alitujua na sisi, lakini kitu kipya hakikukaa tena ndani yake. Unamwambia asubuhi, jioni amekuwa bakuli lenye tundu. Na vya zamani navyo vilianza kutoka kimoja kimoja. Siku ya Mungu ya kwanza aliyorudi, Urbain, kijana wa kwao aliyeshika kazi yake ya ushemasi, alimwomba ashuhudie. Philémon akasimama. Akafungua kinywa. Akatutazama. Mtoto mmoja wa mbele, kwa nia njema, akamwambia, “Baba, samaki!” Naye akauliza, samaki gani?

Alikuwa amesahau siku ile yote. Mto, mwalimu, mvua.

Ndaya alimkalisha. Walipotoka nje nilisikia wenzake wakinong'ona, wengine wakilia kweli, kwamba aliyesahau alivyokiri anashikilia nini sasa? Baba aliketi naye kwenye kile kibao cha pampu, akamwambia kwa utani wa zamani: sasa, ndugu yangu, umekuwa kama mimi wa Mlalo. Hukumbuki kitu. Karibu. Philémon akacheka, sijui kama alielewa. Lakini toka siku hiyo Baba hakubishana naye tena hata neno moja, na mimi nikaanza kuukumbuka ule ugomvi kama mtu anavyokumbuka mlio wa saa ya ukutani iliyosimama.

Jambo moja tu lilibaki kichwani mwa Philémon, dada, na ndilo lililotuua. Katika vyote alivyosahau, hakusahau kwamba rafiki yake Élisée hajaokoka.

Alisahau kwamba wamebishana. Alisahau majibu yote ya Baba. Kila asubuhi aliamka na jambo hilo kama jipya, akaja mlangoni kwetu bila viatu, akamwita Baba, akamsihi. Mzee Élisée, weye unangojea nini? Treni iko karibu! Na akalia, si kilio cha mtu mzima. Baba alimwambia nimekwisha kubatizwa, ndugu. Philémon akauliza, nani aliona? Akamtazama Baba nguo zake kavu, akalia zaidi. Ndaya alimfuata, akamrudisha, na kesho yake ikawa vilevile. Hakuwa anakula. Alikonda mpaka mkanda wake ukamzunguka mara mbili.

Mwezi wa sita mwaka huu, siku ya posho, ambayo ninyi mnaiita Jumamosi, Baba alichukua ile kanzu nyeupe ya Wabaptisti ambayo wanabatizia, akamshika Philémon mkono, akaenda naye kwenye birika. Birika hilo ndilo Wabaptisti walilokuwa wakibatizia siku zote, shefu wa gare, mkuu wa kituo, aliwaruhusu kwa sharti moja tu, pasiwe na sabuni. Nilikuwepo. Sikuamini macho yangu. Nilifikiri anakwenda kuosha kanzu. Akaivaa, akaingia. Philémon akaingia naye, akanyooka mgongo, akawa shemasi. Maneno yalimpotea katikati, Baba akamkumbusha. Jina la Baba, na la Mwana. Philémon akamzamisha, akamwinua.

Sijawahi kuona furaha kama ile kwenye uso wa mtu, na sitaki kuiona tena. Siku hiyo Philémon alikula bukari, ugali wa huku, sahani mbili.

Ndaya alianika kanzu kwenye kamba mbele ya nyumba yao. Hapo njo tulipogundua kilichomtuliza. Philémon kila alipotoka nje aliiona ikidondoka maji, akaigusa, akasema kwa nguvu, Élisée ameingia! Akarudi ndani ametulia. Lakini wewe hujui jua la Kamina wakati huu wa mwaka. Asubuhi baridi inauma meno, mchana upepo mkavu unakausha kila kitu. Kesho yake kanzu ilikuwa kavu kama karatasi. Akaigusa. Akaja mlangoni kwetu akilia.

Baba akaingia tena. Na tena.

Nilimzuia, dada, usifikiri sikumzuia. Nilimwambia wewe ndiye ulisema kubatizwa mara mbili ni kumwita Mungu mwongo, sasa unamwita mara ngapi? Alinijibu kwamba Mungu anajua ni maji ya nani. Nikamwambia una miaka sitini na maji yale ni baridi kama chuma. Akasema chuma nakijua, nimekaa nacho.

Urbain naye alikuja, na barua ya wazee wa kanisa mfukoni na uso mkali. Akasema ubatizo bila kukiri mbele ya kusanyiko ni kuoga tu, na kwamba wao hawautambui, jina la Élisée halitaandikwa kwao. Baba alimshukuru kwa dhati. Mimi nilicheka nyuma ya behewa. Fikiri, dada, wewe ambaye una akili: Wabaptisti wanasema hakubatizwa kwao, na wewe unataka kumwondoa kwetu kwa sababu alibatizwa kwao. Maskini wa Mungu, huku hakuingia na huko mnamtoa. Atasimama wapi?

Mama Ndaya ndiye aliyepata dawa. Asubuhi moja, kabla mume wake hajaamka, alichukua kikombe, akachovya vidole, akainyunyizia kanzu pale kwenye kamba. Alimnyunyizia Mbaptisti wake kwa namna ya Kilutheri, na ilifanya kazi. Philémon aligusa, akasema Élisée ameingia, akaenda kukaa kwenye jua. Ndaya alikuja kutuambia huku anacheka na kulia, kwamba mwanamke anafua nguo maisha yake yote na bado anachelewa kuwaza jambo rahisi hivyo.

Alichelewa kweli. Baba alikuwa amekwisha lala. Kifua kilikuwa kimeziba, na munganga, yaani daktari, alipokuja alisikiliza mgongo wake, akakunja vitu vyake polepole mno.

Siku ya mwisho Philémon aliletwa. Kwa kuwa kanzu ilikuwa mbichi kwenye kamba, kwake Baba alikuwa ndugu aliyeokoka, basi. Alikaa kitandani. Akaona mkate mezani, mkate wa Ndaya, tena wa jana, kipande ambacho watoto wangu walikikataa. Akakichukua, akakimega. Maneno yote ya meza ya Bwana yalikuwa yamemtoka, akasema tu, “Kamata, ndugu.” Akampa Baba kwa mkono wake, na mkono haukutetemeka. Baba alikula. Alitafuna muda mrefu, kwa sababu pumzi ilikuwa ndogo, na hakudondosha makombo.

Alifariki kabla ya treni ya alasiri. Hakukuwa na mtu kwenye pampu, na ile treni ilisimama chini ya bomba ikangoja.

Tulipomwosha tulitafuta nguo nyeupe. Shuka aliyojiwekea kwenye sanduku mchwa walikuwa wameila. Mimi ndiye niliyesema tumvike ile kanzu. Ndaya aliitoa kwenye kamba, akaipiga pasi ya makaa, lakini mikunjo ya mabegani ilibaki na ubichi, na tulimzika hivyo. Msafara wa watu ulikuwa mkubwa: Wabaptisti waliimba kwa kuwa hakuwa wa kwao na hawakuwa na kanuni ya kuwazuia, Wakatoliki wakaleta mihogo, na mimi nilisoma sala ya Kilutheri kwenye kile kitabu chake cha Kijerumani na Kiswahili, nikiruka Kijerumani.

Ndani ya kanzu ile nilizika kitu ambacho sikukipigia hesabu. Kesho yake kamba ya Ndaya ilikuwa tupu.

Philémon alitoka, akatazama kamba. Akaja mlangoni kwetu bila viatu. Nilimwambia kwa upole kwamba Mzee Élisée amefariki, tumemzika jana, wewe mwenyewe uliimba. Akasema, “Amekufa bila maji?” Akaanguka pale kwenye vumbi. Siku iliyofuata alikuja tena, hajui, nikamwambia tena, akaanguka tena. Dada, kifo cha baba yetu nimekitangaza kwa mtu yuleyule mpaka mimi mwenyewe nikaacha kulia, na hilo ndilo lililoniogopesha. Nikaacha kumwambia. Tukatundika shuka mbichi, akaigusa, akasema hii si kanzu.

Halafu akaanza kuniangalia mimi. Unajua paji langu la uso ni la Baba, na sasa mvi zimenianza. Wiki iliyopita alinishika bega nikiwa natia mafuta, akaniambia, Mzee Élisée, weye unangojea nini?

Sasa nakuambia nililoficha tangu mwanzo wa barua hii, kwa sababu nilitaka kwanza umsikie Baba peke yake. Siku ya posho iliyopita na mimi nimeingia. Sina kanzu, niliingia na shati langu jeupe la harusi. Yule uliyembeba mgongoni pale Kigoma siku alipobatizwa, ukasimulia kwamba alimpiga mchungaji teke, ameingia birika la Wabaptisti mbele ya Ndaya na kuku wawili.

Na nimejua kitu. Usiku wake wa mwisho ulikuwa mbaya, lakini mchana kabla yake Baba alinipa maneno ya kukufikishia, na mimi nilifikiri ni homa. Aliniambia: “Mwambie Susana sikukana. Mwambie nilikwenda kuona nilivyoshikwa.” Nilimwuliza kushikwa kupi. Akasema kwamba maisha yake yote aliamini siku ambayo hakuiona, na hakulalamika, ndiyo imani. Lakini Philémon alipomlaza majini, alimwekea kiganja nyuma ya shingo, na mkono wa pili chini ya mgongo, na akiwa mzee na mifupa yake, mbele ya tangi lake, alijua mama yake alimshikaje pale Mlalo. Akasema, Noé, maji yalikuwa yaleyale. Sikuongeza ubatizo wa pili, alisema. Nilirudi kwenye ule wa kwanza.

Sikumwelewa mpaka wiki iliyopita. Philémon alisahau maneno yote, hakunikumbuka, hakujikumbuka. Mkono wake haukusahau. Ulinishika shingo kama anavyoshikwa mtoto ambaye kichwa chake bado hakijakaza. Wokovu wao na wokovu wetu mimi siujui kwa vitabu, nimeusikia chini ya mabehewa tu. Lakini pale sikuvuta mkono wowote wa chuma, wala sikuwa gari lililosimama. Nilishikwa.

Basi, dada, amua. Barua hii ikienda vizuri itakufikia kabla ya ile Jumapili. Mpe mchungaji jina la Élisée mwana wa Mlalo, aliyebatizwa mara moja, pale kwenu, mikononi mwa Bibi. Huo ni ukweli wote, hakuna uongo ndani yake. Akisita, msomee barua hii, ila ruka pale penye kuku. Na ukiona huwezi, usiniandikie kwa hasira; niandikie tu kwamba halikusomwa, nitalisoma mimi hapa, peke yangu, nusu ya kanisa iliyobaki.

Nisalimie shemeji na magoti yake, na wote wanaoliuliza jina langu la huko, Nuhu. Léonie anakusalimu na kusema anakuombea kwa Kikatoliki, hakuna ubaya. Mama Ndaya anakusalimu, hakujui, lakini amesema nikuandikie hivyo. Baba Philémon hajambo leo. Yuko kwenye jua. Shati langu liko kwenye kamba yao, analigusa kama kanzu, na asubuhi hii nimemwona Ndaya na kikombe chake, anachovya vidole.

Ni mimi mdogo wako,
Noé, mwana wa Élisée